Kima Haramia Mezani: Jinsi ya Kumcheza Ragavan

Aliyewahi kula maandazi barazani kwenye hoteli za Diani anamjua Ragavan hata kama hajagusa karata ya Magic: The Gathering maishani. Unageuza uso mara moja, sahani imepungua, na mwizi yuko juu ya paa anakutazama bila haya. Karata inayoitwa Ragavan, Nimble Pilferer, yaani Ragavan mdokozi mwepesi, imekuwa ikifanya hivyo mezani tangu tarehe 18 Juni 2021, toleo la Modern Horizons 2 lilipotoka. Aina yake imeandikwa wazi: ni kima, na ni haramia.

Ni rahisi kumweleza, na ndiyo maana wengi humcheza ovyo. Wanamshusha wakati wowote, wanamtuma mbele, anakufa, kisha wanalalamika kwamba karata imesifiwa kupita kiasi. Kosa ni la saa. Ragavan ni kama samaki wa feri: alfajiri watu wanamgombania, saa tisa alasiri hata paka anamnusa na kupita. Karibu kila hatua ya mwongozo huu inarudi kwenye swali hilo moja, kwamba sasa hivi ni saa ngapi kwa kima huyu.

Kwanza tuelewane maneno. Deki ni fungu lako zima la karata. Mana ni nguvu ya kulipia karata, na kwa kawaida hutoka kwenye karata za ardhi unapozilaza ubavu. Kiumbe huandikwa namba mbili: ya kwanza ni anavyopiga, ya pili, uhai wake, ni kipigo kinachotosha kumuua. Kaburi ni pale zinapokwenda karata zilizokufa au kutumika. Uhamishoni ni nje ya mchezo, na kwa kawaida hakuna kurudi.

Hatua ya 1: Soma karata, kisha isome tena

Ragavan ni 2/1 kwa mana moja nyekundu. Akimpiga mchezaji kwenye mapigano, mambo mawili hutokea kwa mpigo: unapata tokeni moja (alama inayokaa mezani kama karata) ya Hazina, na karata ya juu ya deki ya mpinzani inakwenda uhamishoni, uso juu, nawe una ruhusa ya kuicheza hadi zamu hiyo iishe. Hazina unaivunja wakati wowote ikupe mana moja ya rangi uitakayo. Tokeni hizo zilianza na toleo la Ixalan mwaka 2017, lililojaa maharamia, kwa hiyo kima huyu anaokota kitu cha ukoo wake.

Pia ana njia ya pili ya kuingia, iitwayo dash. Unalipa mana mbili, moja ikiwa nyekundu; anaingia na kushambulia papo hapo bila kungoja zamu ijayo, na zamu inapoisha anarudi mkononi kwa mwenyewe.

Sasa maneno ambayo macho huyaruka. Imeandikwa *mchezaji*. Ukimtuma akapige planeswalker, yaani mshirika wa mpinzani aliyeko mezani, hupati Hazina wala huibi kitu. Imeandikwa pia kwamba unaruhusiwa kucheza karata hiyo kwa kuilipia, si kuishusha tu. Ukifunua ardhi, basi, imepotea kwake lakini huwezi kuiweka upande wako. Na hakuna mahali palipoandikwa ni bure. Unalipa gharama yote, kwa rangi zake.

Jambo moja la nasaba kabla hatujaendelea. Ragavan si mgeni wa 2021. Bosi wake ni Kari Zev, nahodha haramia wa toleo la Aether Revolt la Januari 2017, ambaye kila akishambulia hutoa tokeni ya kima anayeitwa Ragavan. Tokeni ile na karata hii zina majina tofauti, moja fupi na moja refu, kwa hiyo sheria ya majina ya kipekee, inayomkataza mchezaji kuwa na wawili wa jina moja mezani, haizigongi na zinaweza kukaa meza moja. Ubishi huu nimeuona zaidi ya mara moja, na kila mara kuna mtu ana hakika ya upande usio sahihi.

Hatua ya 2: Jua anakoruhusiwa

Fomati ni mtindo wa mchezo wenye orodha yake ya karata zinazoruhusiwa, na ile ya Modern ndiko nyumbani kwake. Legacy walimfungia tarehe 25 Januari 2022. Sababu si ngumu kuiona: kule kuna karata za kukata za mpinzani, yaani kuzizuia zisifanye kazi, bila kulipa mana, kama Force of Will na Daze, hivyo kima anashuka zamu ya kwanza akiwa na walinzi tayari. Standard na Pioneer hajawahi kuruhusiwa. Commander, ule mchezo wa deki ya karata 100 na uhai wa 40, yumo, ila kule ana tabia nyingine, nitamrudia mwishoni.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kulipa

Ni karata adimu na ya bei, kwa hiyo bandia zipo. Tafuta muhuri mdogo wa umbo la yai unaong'aa, chini katikati. Karata za daraja lake zimekuwa nao tangu toleo la Magic 2015. Geuza mgongo uangalie kidoti cha kijani kwa lenzi ya sonara: kwenye karata halisi utaona vinukta vyekundu vilivyopangwa kama herufi L. Karata bandia nyingi hushindwa hapo hapo. Usikubali kamwe ile ya kuikunja kuona kama itarudi sawa. Hata ikiwa halisi, umeshaiharibu.

Kama mnacheza nyumbani tu, chapisheni nakala ya karatasi, mwiingize kwenye kifuko cha plastiki mbele ya karata ya bei nafuu, maisha yaendelee. Kwenye mashindano rasmi hiyo haikubaliki.

Hatua ya 4: Mjengee deki inayoamka mapema

Weka wanne au usiweke. Deki ya karata 60 yenye Ragavan wanne hukupa takriban asilimia 40 ya kumkuta kwenye mkono wa kwanza wa karata saba. Ukianza wa pili na kuvuta karata ya nane, ni kama 44. Hiyo ndiyo bahati unayoijengea. Watu huogopa kurudufu karata yenye jina la kipekee, kwa kuwa huwezi kuwa na wawili mezani, lakini kima mwenye uhai wa 1 hufa sana. Wa pili mkononi ni akiba.

Ardhi zinazotoa mana nyekundu zisipungue 14, na zisiwe za kuingia zimelala. Ardhi inayoingia imelala zamu ya kwanza inamfanya Ragavan wako kuwa karata ya zamu ya pili, na tumeshasema habari za samaki.

Kisha zungushia karata za aina mbili. Za kusafisha njia kwa mana moja: Lightning Bolt, Unholy Heat na wenzao. Bila hizi kima ni pambo, maana hana mbawa wala ujanja wa kupita. Kiumbe yeyote wa mpinzani wa 1/1 akimkinga, yaani akimzuia njiani, wanakufa wote wawili. Na karata za mana tatu zinazouma zikishuka zamu moja kabla ya wakati wake: Blood Moon (inayogeuza ardhi za kifahari kuwa za mana nyekundu tu), Fable of the Mirror-Breaker, au Phlage, Titan of Fire's Fury ukiwa na nyeupe.

Hapa nina msimamo ambao baadhi ya marafiki zangu wanaupinga. Usijenge deki ukitegemea vitu vya wizi. Karata uliyoiba inaweza kuwa ardhi, ya rangi usiyo nayo, au isiyo na kazi kwako. Hazina huja kila mara. Jenga kwa ajili ya Hazina. Wizi uuchukulie kama chenji iliyosahaulika mfukoni mwa suruali.

Hatua ya 5: Amua mkono wa kwanza

Mkono wenye Ragavan, ardhi mbili au tatu na karata moja ya kuua ni wa kubaki nao, hasa ukianza wewe. Mkono wenye Ragavan na ardhi moja pekee ni mtego. Unajiambia Hazina itakuwa ardhi ya pili. Mpinzani anamuua kima, wewe unakaa na ardhi moja ukihesabu vigae. Rudisha.

Hatua ya 6: Zamu mbili za kwanza

Tuzitembee polepole, maana hapa ndipo mchezo wa Ragavan ulipo.

Zamu ya kwanza ni yako. Unashusha Arid Mesa, unalipa uhai 1 na kuitoa sadaka ili uitafute Sacred Foundry. Hii unalipa uhai 2 iingie imesimama. Umebaki na uhai 17 kati ya 20 na bado hujafanya lolote. Ndiyo bei ya kuwahi. Unailaza, Ragavan anashuka. Hawezi kushambulia leo. Unapisha.

Mpinzani anaweka ardhi na kiumbe kidogo cha 1/1, kisha anapisha.

Zamu yako ya pili unavuta, unaweka ardhi ya pili, na mkononi una Lightning Bolt. Wachezaji wapya husita hapa, wanaona israfu kutumia kipigo cha 3 kwa kiumbe cha 1/1. Tumia. Unalaza ardhi moja, kiumbe kinakwenda kaburini, njia ni nyeupe, kima anaingia. Mpinzani anashuka hadi 18. Hazina inaingia upande wako, karata yake ya juu inafunuliwa.

Hesabu sasa: umebaki na ardhi moja iliyosimama pamoja na Hazina, jumla mana mbili. Iliyofunuliwa ikiwa ya mana mbili au chini yake unaweza kuilipia, na Hazina inakutatulia rangi moja usiyokuwa nayo. Ikiwa haikufai, cheza yako ya mana mbili, au iweke Hazina. Umeua kiumbe, umepiga 2, umemwondolea karata na umepata mana ya ziada, yote kwenye zamu ya pili.

Kama hakuwa na mkingaji kabisa, hujatumia kitu kabla ya mapigano. Una ardhi mbili na Hazina: mana tatu. Blood Moon inayoshuka zamu ya pili dhidi ya mtu mwenye ardhi za kifahari tupu humaliza mazungumzo.

Katika zamu kama hii, usishushe karata za kulipia kabla ya mapigano ila zile zinazomfungulia kima njia. Shambulia ukiwa na mana yako, ufunue karata, ndipo uchague kati ya yake na zako. Anayemwaga mana yote kwanza hufunua karata nzuri na kubaki kuitazama.

Hatua ya 7: Ukishaiba, fanya hivi

Karata ya wizi inafuata nyakati zake za kawaida. Ikiwa ni ya papo kwa papo unaweza kuicheza hata katikati ya mapigano. Ikiwa kiumbe au uchawi wa polepole, ngoja awamu kuu ya pili, baada ya mapigano. Zamu ikiisha bila kuchezwa inabaki uhamishoni moja kwa moja, wala mpinzani harudishiwi. Kwa hiyo hata ardhi uliyoifunua usiidharau. Huenda ndiyo aliyokuwa akiisubiri.

Ragavan akiuawa baada ya kipigo kutua, haki yako haifi naye. Hazina unapata, karata inafunuliwa, ruhusa ya kuicheza ipo. Mpinzani mwenye busara humuua kabla kipigo hakijafika.

Kwa kuwa Ragavan habadilishi gharama, njia mbadala zilizoandikwa kwenye karata ya wizi unazitumia wewe pia. Umeiba Solitude na huna mana tano? Unaweza kuilipia kwa kuhamisha karata nyeupe iliyo mkononi *mwako*. Karata zenye nyuso mbili, ardhi upande mmoja na uchawi upande wa pili, unaweza kuzicheza kwa ule upande wa uchawi.

Na sasa aibu yangu. Niliwahi kumpiga rafiki aliyekuwa na deki kama yangu, nikafunua Ragavan wake. Nilikuwa na mana mbili. Nikamwingiza kwa dash kwa mbwembwe zote, nikasahau kwamba nilishakuwa na Ragavan wangu. Wawili wa jina moja hawakai upande mmoja, nikalazimika kumpeleka mmoja kaburini. Nikamtoa wangu, nimbakize wa wizi. Zamu ilipoisha, wa wizi akarudi mkononi kwa mwenyewe, ambaye ni yule rafiki. Nilimaliza zamu bila kima hata mmoja, naye kapewa wake bure. Mla cha mwenzie, alinambia, akacheka hadi akaomba maji. Ukiiba Ragavan, mlipie mana moja ya kawaida, na kama wako yu hai, mwache wa wizi uhamishoni.

Hatua ya 8: Lini dash, lini kawaida

Zamu ya kwanza swali halipo, una mana moja tu. Kuanzia ya tatu hivi ndipo linapokuja.

Dash inafaa meza ikiwa tupu na mpinzani anategemea karata za kuua zinazochezwa zamu yake tu, kama Prismatic Ending. Kima anaingia, anapiga, anarudi, na mwenzako hakupata zamu ya kumgusa. Hesabu yake si mbaya pia: umelipa mbili, Hazina imekurudishia moja. Inafaa vilevile pale unapohofia uchawi wa kufagia viumbe wote. Lakini mpinzani mwenye mana wazi na Lightning Bolt mkononi, dash haikukingi na chochote. Na kukatwa inakatwa kama kiumbe kingine.

Kumshusha kawaida baada ya zamu ya tatu mimi hufanya nikiwa nataka tu karata ya kuua imtoke mpinzani kabla sijashusha kitu kikubwa zaidi. Kima wa kuchukua risasi ana thamani, mradi umekubali moyoni kwamba anakufa.

Pakiwa na kiumbe wa 3/3 mbele na huna cha kumwondoa, mwache nyumbani. Najua inauma.

Hatua ya 9: Badilisha kati ya michezo

Kwenye mchezo wa pili na wa tatu unaruhusiwa kubadilishana na zile karata 15 za akiba. Angalia mambo mawili: nani anaanza, na mpinzani ana nini cha kuua uhai wa 1. Wrenn and Six hupiga 1 ikishuka kwa mana mbili. Orcish Bowmasters, iliyoingia na toleo la Juni 2023, ni mbaya zaidi, maana inaweza kushuka katikati ya zamu yako, ikamtungua kima na kuacha viumbe wawili mezani. Ukianza wa pili dhidi ya deki ya namna hii, punguza Ragavan wawili, hata wote wanne. Wapo wanaoona ni dhambi kumtoa. Ni karata tu.

Hatua ya 10: Commander na meza ya maharamia

Akiwa kamanda wako, yaani kiumbe anayeongoza deki na kukaa eneo lake la pembeni tangu mwanzo, dash ina utamu wa peke yake. Kamanda anayechezwa tena kutoka eneo la kamanda huongezewa gharama ya mana mbili kila mara. Ragavan aliyeingia kwa dash unaweza kumwacha arudi mkononi, na kutoka mkononi halipi nyongeza hiyo. Mezani mkiwa wanne, karibu daima kuna mmoja asiye na mkingaji. Tumia kima kwake, usishupalie mtu mmoja.

Ukitaka haramia mwenzi wa haramia, Malcolm, Keen-Eyed Navigator hutoa Hazina maharamia wako wanapowapiga wapinzani, na Admiral Beckett Brass huwaongezea maharamia wengine 1/1 kisha hunyakua kitu cha mezani kwa yule aliyepigwa na maharamia watatu au zaidi. Ragavan hapo anakuwa 3/2, ameshaacha kufa kwa kila upepo.

Na akiwa upande wa pili wa meza

Weka mkingaji mapema, yeyote, hata wa 1/1; anayemkabili atalazimika kutumia karata kumwondoa. Muue kabla kipigo hakijatua, na ikiwezekana zamu ileile aliyoshuka, maana kipigo kimoja tu kinampa mwenzako zamu nzima mbele yako. Akianza yeye na Ragavan, usibaki na mkono unaoanza kufanya kazi zamu ya tatu, hata ukiwa mzuri namna gani. Na pale mpinzani anapolaza ardhi mbili akitaka kumwingiza kwa dash huku wewe una mkingaji aliyesimama, usimwoneshe kwamba umefurahi; atasita, na atabaki na mana yake.